SOMO LA BIASHARA: Piga Hesabu ya Oda Moja Kabla ya Kutafuta Mia

Kuanzisha biashara mtandaoni hakuhitaji kodi ya duka. Ukiwa na simu, bando na nambari ya kupokea malipo, unaweza kumuuzia mteja wa kaunti nyingine bila kuonana naye. Hata hivyo, wepesi huo huficha gharama nyingi. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuzitambua mapema.

Mfano wa hesabu

Tuseme unauza bidhaa kwa shilingi 600. Umeinunua kwa 400, boda boda inatoza 120, mfuko ni 20, nayo bando na matangazo ni 40. Jumla ya gharama ni 580, kwa hivyo faida ni shilingi 20.

Sasa chukua oda kumi. Tisa zikipokelewa, unapata 180. Ya kumi mteja akiikataa mlangoni, utalipa boda boda 120 kwenda, 120 kurudi, na zile 40 za bando na matangazo zimeshatumika. Hiyo ni hasara ya 280. Umefanya kazi ya oda kumi na bado unadaiwa shilingi 100.

Kuongeza wateja hakutaponya hali hii, kutaikuza hasara.

Yaliyowapata wakubwa

Kampuni ya Kune Food ya Nairobi, iliyouza vyakula kupitia programu ya simu, ilifungwa Juni 2022. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepata mtaji wa dola milioni 1. Ilieleza kuwa bei ya takriban dola 3 kwa mlo haikutosha kuendeleza ukuaji wake. Mtaji hununua muda tu. Bei isiyolingana na gharama hubaki pale pale.

Namna ya kurekebisha

• Omba malipo ya awali yanayotosha nauli ya boda boda.
• Panga siku ya kupeleka mizigo kwa kila mtaa. Oda nne za mtaa mmoja zikibebwa kwa shilingi 200, kila moja inalipa 50. Katika mfano wetu, faida inapanda kutoka 20 hadi 90.
• Mtunze mteja wa zamani. Anayerudi mwenyewe hahitaji tangazo jipya.

Sheria na ushuru

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen na uulize ofisi ya kaunti kuhusu leseni inayokuhusu. Tangu Julai 2023, ushuru wa mauzo kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 lakini isiyozidi milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3. Hutozwa kwa mauzo, si kwa faida: kwa oda ya 600 ni shilingi 18. Anayebakiza 20 atabaki na 2. Pia, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka utumie nambari na anwani ya mteja kwa kazi uliyomweleza pekee.

Matunda yake

Hesabu ikikaa sawa, biashara ndogo inaweza kumwajiri kijana wa kupakia, kumpa mwendesha boda boda kazi ya kila wiki, na kukupa rekodi ya malipo ya kuonyesha unapoomba mkopo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi

Chukua oda zako kumi za mwisho. Andika kila gharama, pamoja na oda zilizorudishwa. Je, kilichobaki kinatosha kukulipa wewe mwenyewe?