Sanduku Lenye Kufuli Tatu: Somo juu ya Ushirika wa Kijiji

Masomo ya kusoma kwanza: Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wakorintho 8:16-21

Katika vikundi vya maombi vya nyumbani swali moja limerudi mara nyingi: je, familia zetu hapa Dzaleka zinaweza kuwa na ushirika wa kweli, wa kuweka akiba, kukopeshana, kulima na kuuza pamoja? Msaada wa chakula umepunguzwa mara kwa mara. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Swali hili linagusa sahani ya watoto, kwa hiyo tulichukue kwa uzito.

Tuanze na kanisa la Yerusalemu. Wanafunzi waliongezeka, na wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani wakawa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie na kuomba tu. Wala hawakushika mgao mikononi mwao wenyewe. Waliwaambia watu wote wachague saba wenye sifa njema. Sasa tazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani. Inaonekana mkutano uliweka kazi ile mikononi mwa upande uliokuwa unalalamika. Sisi tulio Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Waethiopia katika kambi moja tuyasome majina hayo polepole.

Paulo naye, alipokuwa anapeleka mchango wa makanisa, hakutaka kubeba fedha peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu. Kama mtume alitaka mashahidi, mweka hazina wetu asikasirike tukiomba kuhesabu pamoja naye.

Tuje sasa kwenye historia, kwa sababu jambo hili limejaribiwa na wengi. Huko Ujerumani alikuwepo mwenye kuongoza kata za mashambani, Mkristo, jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Katika njaa ya 1846 na 1847 alikusanya fedha za matajiri ili wakulima wapate unga na mkate. Baadaye aliunda vyama vya matajiri kuwasaidia maskini. Vyama hivyo vilifanya kazi njema, lakini matajiri walichoka. Mwaka 1864, kule Heddesdorf, akabadilisha msingi: wakulima wenyewe wakawa wanachama, wakaweka akiba yao, wakadhaminiana. Akakazania chama kiwe cha eneo dogo, kama parokia moja, mahali ambapo kila mtu anajua jirani yake analima nini na anakunywa kiasi gani. Mtu wa ofisi ya mbali haoni hayo, jirani anayaona.

Karibu na kwetu, Wachagga wa Kilimanjaro walianza chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikawa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikisimama juu ya vyama vidogo vya vijijini. Ushirika ukaenea Tanganyika. Baada ya uhuru ukapanuliwa haraka kwa amri, hata mahali ambapo wakulima hawakuwa wameuomba. Tume ya Rais ya 1966 ilikuta wanachama wasiojua haki zao, watumishi wasio na ujuzi wa kutosha na siasa iliyoingia ndani. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Miaka sita baadaye, kwa sheria ya 1982, ilibidi virudishwe. Tunaona hapo kwamba kijiji kinaweza kuitwa cha ushirika kwenye karatasi huku mkulima hajui daftari la chama liko wapi.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Wazee wa Kongo wanakumbuka salongo ya enzi ya Mobutu: kazi ya lazima, na asiyefika anaadhibiwa. Wazee wa Burundi wanakumbuka ikibiri, majirani kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Zote mbili ziliitwa kazi ya pamoja. Mioyo ilijua tofauti. Na hapa kambini tumeona aina ya tatu, kikundi kinachozaliwa siku gari la mradi linapofika na kufa siku linapoondoka. Kina mwenyekiti, kina muhuri, kina picha. Hakina akiba hata ya kwacha moja.

Basi tuanzie wapi? Sisi tunaona tuanze na kile ambacho jirani zetu Wamalawi wanakiita banki mkhonde, yaani benki ya barazani. Inafanana na likelemba na ikimina tulizozizoea, lakini imeongezewa kanuni. Mfumo wenyewe ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, ukisaidiwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika yote. Watu kumi na tano hadi ishirini na tano wanaochaguana wenyewe hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, moja hadi tano. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na wahesabuji wawili, na hufungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, wa nyumba mbalimbali. Mtunza sanduku analala nalo, lakini hawezi kulifungua. Mikopo hutoka humo humo, na kwa kawaida haizidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Baada ya miezi kama tisa hadi kumi na miwili, vyote hugawanywa na mzunguko mpya unaanza.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Hisa moja ni kwacha 1,000. Kikundi kimeuza hisa 1,500, yaani kwacha 1,500,000, na faida ya mikopo imekuwa 450,000. Jumla ni 1,950,000. Ukigawanya kwa hisa 1,500, kila hisa imekuwa 1,300. Mama aliyenunua hisa 90 aliweka 90,000 na anapokea 117,000. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuikagua, na ni vizuri aikague.

Wengine wanauliza: riba si dhambi? Ni swali jema. Torati inakataza kumtoza riba ndugu maskini, na Nehemia sura ya 5 inaonyesha watu waliorudi kutoka uhamishoni wakiweka rehani mashamba na hata watoto kwa ndugu zao. Hiyo ndiyo katapila tunayoiona hapa, mtu mmoja akinenepa kwa shida ya wengi. Katika kikundi cha hisa, faida inarudi kwa wanachama wote, hata kwa yule aliyekopa. Hata hivyo sisi tunashauri mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba, ukopeshe bila riba kabisa, na ikibidi utoe bure.

Lakini sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya ushirika havilikazii, nalo ndilo letu. Raiffeisen alijenga kwa watu ambao babu zao wamezikwa pale pale. Sisi hatuko hivyo. Jirani anaweza kupata habari ya kuhamishiwa nchi ya tatu na kuondoka upesi. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia mwezi wa Mei polisi na jeshi waliwaondoa kwa nguvu. Wengi waliacha bidhaa na maduka. Malawi, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake juu ya kazi na kutembea. Kwa hiyo ushirika wetu lazima uwe ule ambao mtu anaweza kuuaga bila kuuvunja na bila kuibiwa.

Hiyo ni kanuni ya kuandikwa siku ya kwanza, kabla ya fedha kuingia. Anayeondoka katikati ya mzunguko apewe thamani ya hisa zake, deni lake likitolewa kwanza. Akiwa na deni kubwa kuliko hisa, wadhamini wake wajulikane tangu mkopo unapotolewa. Mizunguko iwe mifupi, na fedha zisilale sandukuni bila kukopeshwa. Kila mwanachama awe na kitabu chake kidogo chenye mihuri ya hisa, ili hata sanduku likipotea hesabu isipotee. Anayesafiri akifuta deni lake na kuaga mbele ya kikundi, wanaobaki hawatamsema, naye huko aendako atalala usingizi.

Kuhusu kilimo, ardhi si yetu. Tunakodi vipande kwa wanakijiji wa Dowa wanaotuzunguka, na msimu mmoja mwenye shamba anaweza kubadili nia. Vikundi vya mchanganyiko, vyenye Wamalawi na wakimbizi ndani, vina nafuu hapa: mwenye ardhi akiwa mwanachama, mahindi na soya ni yake pia. Wamalawi wana uzoefu wa kutufundisha. Chama chao cha wakulima wadogo, NASFAM, kilichoanzishwa mwaka 1997, kinaanzia kwenye vilabu vya wakulima kumi hadi ishirini, ndipo vinaungana kuuza kwa wingi. Sheria ya vyama vya ushirika ya Malawi ni ya 1998. Kikundi kikikua na kutaka kuandikishwa, safari ya Lilongwe itafika. Waende wawili au watatu kwa idhini za kutoka kambini, wamuulize afisa mwenyewe, wasimtegemee mtu wa kati anayedai anajuana na wakubwa wa Capital Hill. Kwa kuanza, sanduku na daftari vinatosha.

Jambo moja kwa sisi wachungaji. Kikundi kisishikwe na kanisa wala funguo zisikae kwa mchungaji. Mitume waliliachia, nasi tuliachie.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, someni Matendo 6 kisha mjadili: katika mtaa wetu, ni nani anayesahauliwa katika mgao, na je, angekubali kushika ufunguo mmoja? Tukipata safari kesho, tuna deni kwa nani, na nani ana deni kwetu? Waandishi wa vikundi watuletee majibu Jumapili baada ya ibada ya pili.