Mume wangu anataka tutoke Bariadi hadi Kunduchi bila kulala

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Somanda, Bariadi. Mume wangu amewaahidi watoto kuwa pamba ikiuzwa, likizo ya Juni tutakwenda Dar es Salaam kwenye michezo ya maji ya Kunduchi. Noah tunayo. Anataka tuondoke jioni, aendeshe usiku kucha peke yake, eti hela ya gesti ni ya kutupa. Kitinda mimba ana miaka miwili. Mama mkwe naye yumo, na miguu humvimba akikaa sana. Nilipinga mbele ya mama, mume akasema namdharau. Tangu hapo tunajibizana kwa mkato tu, na watoto wanahesabu siku. Nifanyeje?
Mama Wanne

Mwanangu, kuhusu safari, haki iko kwako. Ulipokosea ni mahali pa kusemea. Baba aliyejitutumua kuwapa wanawe ahadi kubwa, akipingwa mbele ya mama yake mzazi, husikia kwamba hawezi. Mwombe radhi kwa hilo moja, mkiwa wawili, halafu suala la kulala njiani usiliachie.

Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Dereva mmoja, usiku, malori yaliyoharibika yamesimama gizani bila taa, na ule usingizi wa alfajiri usiobisha hodi! Halafu kuna Mlima Sekenke, baada ya Igunga, wenye kona na miteremko inayotaka macho makavu.

Ondokeni alfajiri. Kupitia Maswa hadi Mwigumbi ni lami, kama kilomita 100, kisha Shinyanga, Nzega, Igunga. Sekenke mpande mchana, mlale Singida, watoto wakalione ziwa Singidani na yale mawe makubwa. Kesho yake Dodoma ni nusu siku. Hapo mwachieni ndugu gari, au mliegeshe penye ulinzi, mpande treni ya SGR iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Mama mkwe atasimama na kutembea ndani ya behewa, na baba, badala ya kupambana na malori ya Morogoro, atakaa na wanawe. Tiketi mkate mapema, maana Juni shule zimefungwa nchi nzima.

Suala la miguu usilibebe wewe. Mwambie mume amuulize mama yake mwenyewe anaweza kukaa saa ngapi bila kuumia. Jibu la mama hataliita dharau.

Kisha kaeni na karatasi kabla hela ya pamba haijaingia mkononi: mafuta, gesti, nauli, chakula, kiingilio, akiba ya ugonjwa, na unga wa Julai. Isipotosha, baba awaambie watoto wazi kwamba Kunduchi ni Desemba, na Juni muende Serengeti kwa lango la Ndabaka, mbele kidogo ya Lamadi, ambayo ni kama kilomita 70 tu kutoka kwenu. Mwezi huo nyumbu huwa upande huo wa magharibi. Watoto wengi wa Simiyu humjua tembo kwa habari za mashamba yaliyoliwa; wakamwone kwao porini. Barabara za hifadhini hazifai Noah, kodini gari la juu.

Mkifika Kunduchi, kila mtoto asiyejua kuogelea awe na mtu mzima wake ndani ya maji, na huyo wa miaka miwili asitoke mikononi.

Mume akishikilia usiku baada ya yote haya, wewe na watoto msipande. Hapo sina njia ya katikati. Zungumza naye wiki hii, kabla pamba haijafika kwenye mizani.