Kabla Hujagusa Waya: Kukarabati Nyumba Ihumwa

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ukanda wa barabara ya Morogoro kutoka mjini hadi Mtumba umejaa nyumba ambazo wenyewe walihamia kabla hazijaisha. Ihumwa ndivyo hasa ilivyo. Bati lipo na milango ipo, lakini dari bado, plasta imefika nusu ya ukuta, na umeme umevutwa chumba kimoja, vingine vinapata kwa waya wa kurefusha. Mwenye nyumba anamalizia kidogo kidogo, mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe Jumamosi. Hakuna ubaya. Kupaka rangi, kupiga skimu, kuziba nyufa ndogo au kubadilisha kitasa ni kazi ambazo mtu mwenye subira anazimudu na kuokoa fedha ya fundi. Ukitaka kuongeza chumba, kubomoa ukuta unaobeba kenchi au kupandisha ghorofa, hapo pitia Halmashauri ya Jiji upate kibali cha ujenzi. Mambo hayo yalikuwa ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017, na sasa yako mikononi mwa Jiji.

Huku kwetu kuna mambo mawili ambayo vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa kwa nchi za mvua havikuyawazia: ardhi kavu sehemu kubwa ya mwaka, na maji ya visima ambayo mara nyingi yana chumvi. Mambo hayo mawili yanaingia kwenye plasta, kwenye bafu, na zaidi ya kote kwenye umeme.

Tuanze na ukuta. Ule unga mweupe unaotokea karibu na sakafu na kubandua rangi ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, ukifika usoni mwa ukuta maji yanakauka na chumvi inabaki. Wengi hupaka rangi ya mafuta juu yake wakidhani wameuziba. Baada ya msimu mmoja rangi inavimba na kubanduka pamoja na plasta. Kwangua mpaka upate tofali gumu, sugua kwa brashi kavu bila kuosha, kisha acha ukuta upumue kiangazi chote. Plasta mpya ichanganywe kwa maji matamu, hata kama itakubidi ununue madumu machache, na mchanga uwe safi. Halafu kuna upepo. Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unanyonya maji kwenye plasta kabla saruji haijashika, na kesho yake unakuta nyufa kama utando wa buibui. Piga plasta alasiri, tundika turubai upande wa upepo, na umwagilie kwa angalau siku saba. Fundi atakwambia siku mbili zinatosha. Usimsikilize, mwagilia mwenyewe.

Nyufa kubwa zinazopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali ni habari nyingine. Piga mstari wa penseli penye ncha ya ufa, andika tarehe, na ufuatilie. Ufa unaopanuka kiangazi na kujifunga masika unakwambia nyumba imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Huo skimu haiuponyi. Uliza mtu wa misingi kwanza, na peleka maji ya bati mbali na ukuta. Tukumbuke pia kwamba Dodoma iko pembeni mwa Bonde la Ufa na matetemeko si mageni kwetu, kwa hiyo lenta isiyokatika kuzunguka nyumba nzima si anasa.

Sasa umeme, ambao ndio sababu hasa ya makala hii.

Sheria iko wazi: kazi ya kufunga umeme ndani ya nyumba hufanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA, na leseni zina madaraja. Muulize fundi leseni yake kabla hujamuuliza bei. Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya TANESCO. Lakiri ya mita haifunguliwi na mtu mwingine, hata kama ni jirani mwenye ujuzi. Wewe mwenyewe unaweza kubadilisha balbu, kufunga plagi ya pasi, au kuchimba njia ya mabomba ukutani ili kumpunguzia fundi kazi. Kwa hayo machache, zima meni swichi, waambie wote nyumbani, na uweke ufunguo mfukoni kama boksi linafungwa. Kabla ya kuzima, testa uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone inawaka, ndipo uipeleke unapofanyia kazi, kisha, kabla hujagusa waya, uijaribu tena penye umeme. Testa iliyokufa nayo haiwaki. Na rangi za waya zisikudanganye: nyumba nyingi zina nyekundu na nyeusi za mtindo wa zamani chumba kimoja, kahawia na bluu chumba cha pili, na fundi aliyeishiwa waya huunganisha chochote alichobaki nacho.

Kitu kinachosahaulika ni ethi. Ukimuuliza fundi, jibu ni fupi: "Ipo, bosi." Mwambie akuonyeshe. Utamkuta ameigongelea rodi nyuma ya nyumba, ikafika kwenye tabaka gumu baada ya nusu mita, akaikata iliyobaki kwa msumeno wa chuma na kufukia. Ukitazama juu ya ardhi, kila kitu ni safi: waya wa kijani na njano umebanwa vizuri kwenye ncha ya shaba. Chini hakuna kitu cha maana.

Kazi ya ethi ni hii. Waya wenye umeme ukigusa mwili wa friji au wa hita, umeme unatakiwa upate njia nyepesi ya kwenda ardhini, uende kwa wingi, na breka ikate. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Chukua rodi yenye ukinzani wa omu 50, ambao kwa ardhi kavu ni wa kawaida kabisa. Volti 230 ukigawa kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya soketi ni ya ampea 32. Haitashtuka. Friji itabaki na umeme mwilini, taa zinawaka, LUKU inahesabu, na mtoto akishika mlango wa friji akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa, yeye ndiye anakuwa njia ya umeme kwenda chini.

Dawa ni mbili, na zote zitakiwe. Ya kwanza ni rodi nzima, ndefu, iliyozama. Ikigonga mwamba, isogezwe pahali pengine au ziwe mbili zilizounganishwa, zikiachana kwa angalau urefu wa rodi yenyewe. Mahali pazuri ni pale panapobaki na unyevu mwaka mzima, karibu na maji ya kuogea yanakotokea au chini ya tenki linapofurikia. Kumwaga chumvi kwenye shimo, kama wengi wanavyofanya, kunasaidia kwa muda, kisha kunakula shaba. Na kipimo kichukuliwe Oktoba au Novemba, kabla mvua za Desemba hazijaanza, maana rodi inayopimwa Machi kwenye tope inafaulu mtihani ambao haina uwezo nao.

Dawa ya pili ni kifaa kinachouzwa kwa jina la RCD, cha miliampea 30. Chenyewe hakisubiri ampea 32. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kikiona umevuja kidogo tu kinakata mara moja, hata kama ethi yako si nzuri sana. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, umeme ukate, ndipo ujue kiko hai. Kikianza kukata ovyo, wapo mafundi watakaokiruka kwa kipande cha waya ili "usumbufu" uishe. Fundi wa namna hiyo mlipe nauli aende. Kifaa kinakata kwa sababu umeme unavuja mahali, na kazi ya fundi ni kupatafuta.

Mahali penyewe mara nyingi ni bafuni. Shawa za kuchemsha maji papo hapo zimeenea sana, na baadhi zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Kwa maji matamu zinakwenda. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi, kwa hiyo unavujia kwenye maji yenyewe, na mtu anasikia kutekenywa vidoleni akigusa bomba la chuma. Madukani zipo shawa za maji ya chumvi, zenye koili iliyofunikwa. Ukiona birika lako linaota magamba meupe na sabuni haitoi povu, uliza hizo. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo isiunganishwe kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5. Iwe na kebo yake ya milimita 6 za mraba na breka yake kutoka kwenye boksi kuu.

Halafu piga hesabu ya uniti. Dakika nane kwa shawa hiyo ni kama uniti 0.73. Watu wanne kila siku kwa mwezi mzima wanafika uniti 88. Nyumba iliyo kwenye kundi la bei nafuu la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, inatolewa humo na kuoga peke yake. Kwa jua la Dodoma, tenki la kuchemsha maji kwa jua linalipa gharama yake, ila nalo lisafishwe magamba, na vali yake ya usalama isizibwe kamwe hata kama inadondosha. Wanaotumia hita ya kutumbukiza kwenye ndoo wafuate mpangilio mmoja: hita majini kwanza, plagi baadaye, na plagi itoke kabla mkono haujagusa maji.

Limebaki suala la baridi. Juni hadi Agosti joto la usiku linashuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo wa Ihumwa unaiongezea baridi makali. Wagogo walilijua hili: tembe lina ukuta mnene wa udongo na paa la udongo, linashika joto la mchana mpaka usiku. Nyumba ya bati isiyo na dari inalipoteza mapema usiku. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya jambo moja tu la kupasha nyumba joto, weka dari, kisha ziba nafasi za madirisha upande wa kusini-mashariki unakotokea upepo.

Jiko la mkaa lisilale ndani. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na ndiyo maana unaaminika, lakini unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na nyumba uliyoiziba upepo inaihifadhi vizuri zaidi. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikawashika watu wawili au zaidi kwa wakati mmoja, msitafute panado. Tokeni nje wote, fungueni milango, na aliyelegea apelekwe hospitali usiku huohuo hata kama anasema amepata nafuu.