UNYENYEKEVU NA MATESO YENYE KUOKOA

Masomo: Isaya 53; Yohana 8:59 na 18:1-8; Wafilipi 2:5-11; Wakolosai 1:24



Katika parokia zetu wako wengi wanaofikiri kwamba mnyenyekevu ni mtu asiyesema neno, anayeinamisha kichwa mbele ya kila mkubwa. Tusome vizuri Wafilipi sura ya 2. Mtume Paulo hafundishi kwamba Yesu alishushwa na watu. Alijishusha mwenyewe, hali alikuwa na utukufu wote. Mtu anayenyamaza kwa sababu ya woga, huyo anaogopa tu.

Tuangalie maisha ya Papa Simon Kimbangu. Tarehe 6 Aprili 1921 aliombea mama mgonjwa aliyeitwa Kintondo, akapona, na tangu siku ile watu wakamiminika Nkamba. Tarehe 6 Juni Bwana Morel, mkuu wa teritwari, alifika na askari kumkamata. Papa Simon akawaponyoka. Kwa miezi mitatu akahubiri kwa siri, kijiji kwa kijiji. Kisha tarehe 12 Septemba akarudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe, akajitoa mikononi mwao, na wafuasi wake akawakataza wasilipe ubaya kwa ubaya.

Hapa tukae kidogo, maana wahubiri wengi wanaruka mwezi wa Juni na kuanza na Septemba. Ni mtu yule yule aliyekimbia na aliyejitoa. Bwana wetu naye alifanya hivyo. Walipookota mawe alijificha, akatoka hekaluni (Yohana 8). Saa yake ilipofika, aliwatokea askari bustanini kabla hawajamtafuta, akaomba wanafunzi waachwe waende (Yohana 18). Katika kukimbia hapakuwa na woga, na katika kujitoa hapakuwa na kiburi. Yote mawili yalikuwa utii.

Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la vita la Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, lilimhukumu fimbo 120 na kifo, naye hakupewa mtu wa kumtetea. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa Élisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwao, akafa huko tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Sisi tunaosali kwa Kiswahili tukumbuke kwamba ni katika upande wetu wa nchi alifungwa, mbali na watu wa lugha yake.

Je, mateso hayo yanaokoa namna gani? Deni la dhambi lililipwa na Bwana Yesu mara moja msalabani, na Papa Simon hakuhubiri jina lingine. Lakini Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba mwili wake unateswa kwa faida ya mwili wa Kristo, ndio Kanisa. Basi fimbo zenyewe haziokoi mtu. Kama fimbo zingeokoa, kila gereza lingekuwa hekalu. Kinachozaa matunda ni upendo wa yule anayekubali kuumia ili wengine wapate uzima, bila kurudisha kisasi. Na matunda tumeyaona: serikali ya kikoloni iliwahamisha waamini na jamaa zao, ikawatawanya mpaka Lowa, Oshwe, Kasaji na kwingineko ili imani ife. Kila walipopelekwa, imani ikaota. Wakoloni ndio waliolipa nauli ya wahubiri wetu!

Kwa hiyo tuwe waangalifu tunapofariji watu. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba huo ndio msalaba wake. Nani anaokolewa kwa makofi yale? Mgonjwa asizuiwe kwenda hospitali. Na ndugu zetu wa Kivu na Ituri waliokimbia vijiji vyao wakiwa na watoto mgongoni, tusihesabu kukimbia kwao kuwa upungufu wa imani. Wako katika mwezi wa Juni.

Neno lingine ni juu ya sisi tusioteswa. Tunavua viatu tukiomba, na ni vizuri. Lakini viatu vikiwa mlangoni, kiburi kinaweza kuingia peku. Nsinsani imesaidia kulijenga Kanisa hili, hatuisemi vibaya. Hata hivyo tumeona kikundi kinachoshindwa kikinuna juma zima, na mwenye noti kubwa akiipunga juu ili wote waione. Mjane aliyeweka senti mbili (Marko 12) hakushangiliwa na mtu hekaluni.

Kuhusu hilo, mwalimu wetu ni Mama Muilu Marie. Hakuwa na kiti cha enzi wala walinzi. Mumewe akiwa kifungoni, mama huyu wa watoto watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, alilima shamba kama wanawake wengine wa kijiji, huku serikali ikimwangalia. Waamini walimjia kwa siri, naye akawaongoza kwa siri, karibu miaka 38. Alilala tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ilikubali Kanisa tarehe 24 Desemba ya mwaka ule ule, na mwili wa Papa Simon ulirudishwa Nkamba tarehe 3 Aprili 1960. Yeye hakuona hata moja kati ya hayo.