Dawa ya wadudu na kansa ya titi

Swali: Hapa Kasuku, Kindu, watu husema dawa ya wadudu huleta kansa ya titi. Je, tuache chandarua?

Jibu: Mama, usikiache. Inayoshukiwa hasa ni DDT, ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiruhusu kwa wadudu waenezao magonjwa tu. Chandarua hutiwa dawa nyingine, pairethroidi. Ni kweli, tafiti kadhaa hazikuona uhusiano kati ya DDT na kansa ya titi, lakini nyingi zilipima damu ya watu wazima. Utafiti wa California wa 2007 ulionyesha kwamba umri una uzito: hatari ilipanda kwa waliokutana na DDT kabla ya miaka 14, matiti yakiwa bado yanakua. Basi walinde wasichana: dumu la dawa ya shamba lisiwekewe maji wala mawese. Ukigusa uvimbe kwenye titi, wahi hospitali.