Somo Letu: Swichi ya Mtandao na Usalama wa Mfanyakazi



Siku hizi fundi aweza kujitengenezea swichi ya taa au pampu inayopokea amri kwa mtandao. Ndani yake mna kompyuta ndogo ifanyayo kazi ya seva, na rilei ya kukata na kuunga umeme. Tukitaka kuiunga na Home Assistant, programu ya kuendesha vyombo vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, tunaiandikia anwani ya seva na mambo matatu: amri ya kuwasha, amri ya kuzima, na swali la kujua hali ya swichi. Likikosekana hilo la tatu, programu hukisia tu.

Lakini tukumbuke: jibu la "imezimwa" si ushahidi kwamba waya hauna umeme. Rilei yaweza kuganda kwa joto. Na mtu aliye mbali aweza kuwasha mkono wako ukiwa ndani ya mashine.

Basi, nyumbani au kiwandani, kabla ya kufungua mashine tukate umeme kwenye swichi kuu, tufunge kwa kufuli, ufunguo tukae nao wenyewe, kisha tupime waya. Kufuli hilo tulidai kwa mwajiri. Ni uhai wetu.