Uzi wa Gita Unavyofika Ukumbini

Jina Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika soko la mtaa huo wa Nairobi huuzwa vyondo vya mkonge, na kwa somo hili la sauti ya gita kamba moja ya mkonge yatosha kuanzia.

Ifunge kati ya misumari miwili, ikaze, kisha uidonoe kwa kidole. Itakwenda na kurudi upesi. Mwendo huo huitwa mtetemo. Kamba ikitetemeka husukuma hewa iliyo kando yake, nayo husukuma iliyo mbele, hadi msukumo ufike sikioni. Huo ndio sauti. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Uzi wa tano wa gita, usipobanwa, una hezi 110. Ubane katikati, urefu uwe nusu, utapata hezi 220: sauti imepanda, kwa kuwa uzi mfupi hurudi upesi zaidi.

Hata hivyo uzi ni mwembamba, na hewa nyingi hupita kando yake bila kusukumwa. Ndiyo maana gita la kawaida lina sanduku: ubao mpana hutetemeka pamoja na uzi na kusukuma hewa nyingi. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuja na magita ya namna hiyo. Lakini katika ukumbi kama wa Kaloleni, Nairobi, uliojaa wachezaji, ubao peke yake hushindwa.

Hapo umeme ukaingia. Chini ya nyuzi, ambazo lazima ziwe za chuma, huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayopita katika mizunguko hiyo hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme mdogo wenye masafa yaleyale. Amplifaya huukuza, spika huugeuza tena kuwa msukumo wa hewa.

Fundi Konde alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gita la umeme. Kwa maoni yangu, hapa ndipo muziki wetu ulipogeuka, kwani mpigaji hakulazimika tena kukwaruza nyuzi zote pamoja ili asikike. Noti moja moja ilipenya juu ya ngoma. D.O. Misiani na wenzake wa muziki wa benga wakaweza kulidonoa gita kama inavyodonolewa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na ukumbi mzima ukasikia.

Muziki huo uliporekodiwa, santuri ilileta kikomo kingine, cha muda. Ile ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika, na sindano hufuata mtaro kutoka ukingoni kwenda ndani. Dakika tatu ni mizunguko 135, na nafasi inakaribia kwisha. Dansi halikubanwa na kipimo hicho. Kwa hiyo nyimbo nyingi ziligawanywa: maneno upande wa kwanza, magita yakikimbia upande wa pili. Nyumbani wachezaji walisubiri kidogo, mmoja aigeuze santuri.